Mtoto ametanguliza matako, naambiwa nichomewe moksa kwenye kidole cha mguu. Nikubali?

SWALI: Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 33. Altrasaundi ya juzi imeonyesha mtoto ametanguliza matako. Shangazi wa mume wangu anasema kuna sehemu kwenye kidole kidogo cha mguu, Wachina wanaichomea majani na mtoto anageuka kichwa chini. Mume wangu ameshanunua vijiti vyenyewe, vinafanana na sigara kubwa. Muuzaji akamwambia sehemu hiyohiyo inaondoa maumivu ya kichwa na pua iliyoziba. Mimi naogopa. Ni kweli haya? Akinifanyia nyumbani, tunaweza kumdhuru mtoto?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mimba. Nianze na la haraka: kijiti hicho kisiwashwe kwanza. Sisemi hivyo kwa kuidharau tiba yenyewe. Mimi ni mkunga, nikaja kujifunza tiba ya sindano ya Kichina nikiwa tayari nimezalisha kwa miaka mingi, na sehemu aliyoitaja shangazi naijua vizuri. Nasema hivyo kwa sababu barua yako imeniambia mtoto amekaaje, lakini haikuniambia kondo la nyuma limekaa wapi. Kabla hujalijua hilo, si moksa (ndiyo hiyo tiba ya kufukiza majani), si mazoezi ya kubinuka, si mkono wa mtu yeyote juu ya tumbo lako unaofaa kujaribu kumgeuza mtoto.

Shangazi hakutunga. Sehemu hiyo inaitwa Zhiyin, tamka karibu na "Jiyin". Tazama kidole kidogo cha mguu wako, upande wa nje, pale kona ya chini ya ukucha inapokutana na nyama. Sogea nje ya kona hiyo kidogo mno, kama milimita mbili. Ni hapo, mguu wa kulia na wa kushoto. Katika vitabu vya sasa hupewa namba 67 kwenye mkondo wa kibofu (mkondo ni njia ambayo Wachina huamini nguvu ya mwili hupitia), na ndiyo ya mwisho katika mkondo huo, ambao ni mrefu kuliko yote mwilini. Huanzia kwenye kona ya ndani ya jicho, hupanda paji la uso, huvuka utosi, hushuka kisogoni, hufuata mgongo pande zote mbili za uti, hupita nyuma ya paja na goti, huzunguka nyuma ya kifundo cha nje cha mguu, kisha hufuata ubavu wa wayo hadi kidoleni.

Ukiifuata njia hiyo kwa kidole chako, utaelewa muuzaji aliyapata wapi maneno ya kichwa na pua. Waganga wa China ya kale walikuwa na kanuni kwamba ugonjwa wa kichwani unaweza kutafutiwa dawa mguuni, maana ncha ya chini ya mkondo huvuta kilichokwama ncha ya juu. Kwa hiyo Zhiyin ilitumika kwa maumivu ya utosini na kisogoni, pua kuziba, pua kutoka damu na macho kuuma. Hayo ni matumizi ya kimapokeo yanayojulikana, sina ugomvi nayo. Lakini wewe ni mjamzito wa wiki ya 33. Kichwa kikikuuma sana, hasa ukianza kuona maluweluwe, uso na mikono ikavimba, au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, usishughulike na kidole cha mguu. Nenda ukapimwe shinikizo la damu na mkojo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, na kinaua. Muuzaji aliyemwambia mumeo kwamba kijiti kimoja kinatosha kwa mtoto na kwa kichwa, hilo hakulifikiria.

Sasa uzazi umeingiaje kwenye kidole? Jina lenyewe lina maana ya kufikia yin. Yin, kwa Wachina, ni upande wa kivuli, wa ndani, wa utulivu, nao yang ni upande wa jua na mwendo. Mkondo wa kibofu ni wa yang. Ukifika kidoleni unakwisha, na hapohapo unaupokeza mkondo wa figo, ambao ni wa yin na huanzia chini ya kidole hichohicho kuelekea wayo. Kwa hesabu yao figo ndiyo hazina ya uzazi. Sehemu ambapo yang inageuka kuwa yin, mlangoni pa mkondo wa uzazi: wao waliona hapo ndipo pa kumhimiza mtoto naye ageuke. Hii ni lugha ya falsafa, usiisome kama ramani ya mishipa. Hakuna mshipa unaotoka kidoleni ukaingia kwenye mfuko wa uzazi.

Zhiyin imetajwa tangu Lingshu, kitabu cha kale cha tiba ya sindano kilichoandikwa zamani kuliko miaka 1,800 iliyopita. Ila kisa kinachosimuliwa mno ni cha Zhang Wenzhong, tabibu wa ikulu enzi za Malkia Wu Zetian, karne ya 7. Mwanamke alikuwa katika uchungu, mtoto amekingama na mkono umetangulia kutoka. Dawa na hirizi zote zilishindwa. Tabibu akaweka vifundo vitatu vya majani, kila kimoja ukubwa wa punje ya ngano, kwenye ncha ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, akavichoma, na mtoto akazaliwa papo hapo. Mwaka 1220 Wang Zhizhong alikuwa bado anakisimulia kitabuni mwake.

Nakisimulia kwa sababu utakisikia, pengine kutoka kwa shangazi mwenyewe. Usikichukue kama mwongozo. Mkono ukitangulia na uchungu umeshaanza, leo hiyo ni safari ya chumba cha upasuaji bila kuchelewa hata dakika. Moksa tunayoizungumza mimi na wewe ni ya mwanamke ambaye hajaanza uchungu, ana wiki kadhaa mbele yake, na chupa haijapasuka.

Majani ya moksa ni ya jamii ya pakanga. Ndiyo, pakanga ileile inayotajwa kwenye Ufunuo kwa uchungu wake. Wachina hutumia aina yao, huianika, huitwanga na kuipepeta mpaka inabaki laini kama sufi ya msufi, kisha huisokota ndani ya karatasi. Ndugu yake mwingine katika jamii hiyo ndiye aliyetupa artemisinini, dawa iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria. Undugu huo usikudanganye ukachuma pakanga ya nyuma ya nyumba ukaifukiza, wala usiichemshe ukanywa. Mimba na chai ya pakanga havipatani. Moksa hainywewi wala haimezwi, na mtoto hapati chochote cha mti huo isipokuwa moshi unaouvuta wewe, ambao nitaurudia.

Kuhusu kama inafanya kazi, nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapodanganyana kwa nia njema.

Watoto wengi hukaa vibaya halafu hujigeuza wenyewe. Katika wiki ya 28 kama mtoto mmoja kati ya watano ametanguliza matako. Mimba ikitimia, wamebaki 3 au 4 kati ya 100. Kwa hiyo ukimfanyia kila mjamzito jambo lolote lile, hata kumfunga uzi mwekundu mkononi, wengi watakuja kukushukuru. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi. Inabidi kuwalinganisha waliofanyiwa na wasiofanyiwa.

Utafiti ulioifanya dunia iigeukie Zhiyin ulifanyika mkoa wa Jiangxi, China, ukachapishwa mwaka 1998. Wanawake 260, wote mimba ya kwanza, wote wiki ya 33 kama wewe. Nusu walifukiziwa moksa kwenye Zhiyin kwa siku 7, na ambao mtoto hakugeuka wakaongezewa 7 nyingine. Wiki ya 35, watoto 98 kati ya 130 wa kundi la moksa walikuwa kichwa chini. Kundi lisilofanyiwa kitu walikuwa 62 kati ya 130. Akina mama walihesabu pia jinsi mtoto anavyocheza kwa saa moja, na wale wa moksa walihisi mateke na misukumo mingi zaidi, wastani wa 48 dhidi ya 35. Kwangu mimi hesabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kidokezo: huenda joto hilo linamwamsha mtoto achezecheze, na mtoto anayecheza akiwa bado na nafasi hupata nafasi ya kupinduka. Wapo wanaodhani kuna homoni zinazobadilika na kulegeza au kukaza mfuko wa uzazi. Ni dhana, haijathibitishwa.

Habari hazikuendelea kuwa tamu hivyo. Italia walijaribu, wakachapisha mwaka 2005, na utafiti ukasimamishwa ukiwa na wanawake 123 kwa kuwa wengi walikatisha. Baadhi walilalamikia harufu, kichefuchefu, koo, na tumbo kukaza. Matokeo: theluthi moja tu ya watoto waligeuka, makundi yote mawili sawasawa. Geneva, Uswisi, mwaka 2009, wanawake 212 waliokuwa kati ya wiki ya 34 na 38: asilimia 18 waligeuka kwa moksa na 16 bila moksa. Hiyo ni sawa na hakuna tofauti.

Kisha Hispania, mwaka 2013, wakaja na utafiti ambao mimi nauheshimu kwa namna ulivyopangwa. Wanawake 406, kati ya wiki ya 33 na 35. Kundi moja moksa kwenye Zhiyin, kundi la pili moksa ya kweli lakini kwenye kidole gumba cha mguu, kundi la tatu huduma ya kawaida. Wa Zhiyin, asilimia 58 walijifungua mtoto akiwa kichwa chini. Wa kidole gumba, 43. Wa huduma ya kawaida, karibu 45. Maana yake si joto lolote mahali popote. Wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walipozijumlisha tafiti hizi na nyingine mwaka 2023, walisema moksa ikiongezwa juu ya huduma ya kawaida kabla ya wiki ya 37 huenda inapunguza watoto wanaobaki vibaya hadi kuzaliwa. Upasuaji kupungua kwa sababu yake hawakuuona waziwazi.

Chukua hesabu ya Hispania uilete nyumbani kwako. Wakikaa wanawake 100 walio kama wewe, 45 mtoto atageuka bila kufanya lolote. Wakifukiza wote, watageukiwa 58. Hao 13 wa katikati ndio fadhila ya moksa. Na wapo 42 watakaofukiza kila siku kwa utiifu na mtoto abaki alivyo, bila kosa lao. Nakuomba uikumbuke namba hii ya mwisho, maana nimewaona akina mama wakilia kwamba mwili wao umekataa dawa. Mwili haujakataa kitu. Wakati mwingine kitovu ni kifupi, au umbo la mfuko wa uzazi halimpi mtoto pa kugeukia, au kondo limekaa njiani.

Ukitaka maoni yangu: wiki yako ni nzuri. Geneva walianza hadi wiki ya 38, mtoto ameshajaa, maji yamepungua. Ninaowakubalia mimi ni wa kati ya wiki ya 33 na 35, wachache sana wa 36. Ukiwa huna hata kizuizi kimoja kati ya hivi nitakavyovitaja, ningekuruhusu.

Rudi kliniki wiki hii na kadi yako na karatasi ya altrasaundi, usisubiri tarehe ya mahudhurio. Muulize mkunga au daktari: kondo limekaa wapi, maji yanatosha, mtoto anakua vizuri, ni mmoja? Kondo likiwa limekaa chini karibu na mlango wa uzazi, moksa haipo, na kujifungua kwa njia ya kawaida kunaweza kuwa hakupo pia. Vivyo hivyo ukiwa umewahi kutoka damu katika mimba hii, chupa ikiwa inavuja, presha ikiwa juu, mimba ikiwa ya mapacha, mfuko wa uzazi ukiwa na uvimbe au umbo lisilo la kawaida, au ukiwa na kovu la upasuaji wa uzazi. Mwenye pumu asivute moshi huu. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asichomewe nyumbani, ataungua bila kujua.

Ukiruhusiwa, mara ya kwanza nendeni wote wawili kwa mtu aliyesomea, awaonyeshe kwa vitendo. Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na wengi wa wazee wetu walichomwa sindano zao kabla yangu. Muulize huyo mtaalamu amesomea wapi na kama amewahi kuwahudumia wajawazito. Akianza kukuahidi kwamba mtoto atageuka kwa hakika, ondoka.

Nyumbani inakuwa hivi. Kojoa kwanza, legeza nguo kiunoni, kaa umeegemea mito, usilale chali kabisa. Madirisha wazi, feni isipulize kuelekea usoni pako. Mume anawasha ncha ya kijiti mpaka iwe kaa jekundu lisilo na mwali, anaishika sentimita mbili hadi tatu kutoka kwenye kona ya ukucha, bila kugusa ngozi hata kidogo. Aweke kidole chake mwenyewe kando ya chako, ili joto likizidi alisikie pamoja nawe. Unachotafuta ni uvuguvugu mzuri na ngozi kuwa nyekundu kidogo. Ukisikia kuchomeka, mwambie, arudishe nyuma. Malengelenge ni kosa, si dalili ya dawa kuingia. Majivu ayakung'ute mara kwa mara kwenye kisosi. Dakika 15 mguu mmoja, 15 mguu wa pili, mara moja kwa siku, siku 7, kisha pumzika na upimwe. Wengi wetu hupendelea kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni, maana kwa hesabu ya Kichina ndizo saa za kibofu, ingawa kwangu kubwa ni kwamba saa hizo watu wametulia. Mkimaliza, kijiti mkizime kwa kukididimiza kwenye kopo la mchanga mkavu. Kinaonekana kimezimika kumbe ndani bado kinawaka, usikitupe kwenye pipa la taka.

Moshi ni mwingi na una harufu nzito. Ukikukera, vipo vijiti vya mkaa visivyotoa moshi. Kikikujia kichefuchefu au ukikohoa, acha, usijilazimishe kwa ajili ya mtoto.

Mtoto akicheza sana wakati wa kufukiza, ni kawaida. Tumbo likikaza mara moja moja na kuachia, pumzikeni siku hiyo. Likikaza kwa mpangilio, au ukiona damu, au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, acheni kabisa na uende hospitali hapohapo. Na ukihisi siku moja kwamba amepinduka (wengine husikia kama tumbo limeviringika na mateke yamehamia juu), acheni kufukiza, nenda ukathibitishe.

Sindano katika Zhiyin sikubali kwa mjamzito, na mapokeo yenyewe yanaikataza. Hivyohivyo baadhi ya sehemu za kuzunguka kifundo cha mguu, kama Sanyinjiao iliyo vidole vinne juu ya kifundo cha ndani, na Kunlun nyuma ya kifundo cha nje. Waliotangulia waliziogopa kwa kuamini zinaleta uchungu. Ushahidi wa kisasa wa hilo ni dhaifu, lakini mtu wa masaji asiyejua kwamba ni mjamzito asiachwe akandamize hapo.

Na tumbo lako lisikandwe na mtu kwa nia ya kumgeuza mtoto, hata akiwa bibi anayesifiwa mtaa mzima. Nimepokea wanawake waliokandwa, kondo likabanduka. Kumgeuza kwa mikono kupo, ila ni kazi ya daktari, hospitalini, kwa altrasaundi na kusikiliza moyo wa mtoto, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Kwa mimba ya kwanza hufanyika kuanzia wiki ya 36. Kwa wanawake wote kwa jumla hufanikiwa karibu nusu ya mara, na kama mmoja kati ya 200 hulazimika kupasuliwa kwa dharura. Uliza mapema kama hospitali unayokwenda wanaifanya. Moksa haikuzuii kwenda huko baadaye.

Bila kujali moksa itafanya nini, pangeni sasa kujifungulia hospitali yenye upasuaji, si zahanati ya karibu. Weka nauli pembeni, mjue ni gari la nani mtakaloliita usiku. Mtoto wa matako chupa ikipasuka, kitovu kinaweza kutangulia, na hapo hakuna muda wa kutafuta usafiri.

Mwambie mumeo vijiti avihifadhi pakavu mpaka mtoke kliniki. Ukishajua kondo liko wapi, niandikie.